GNU Units: uzoefu wangu na kikokotoo cha kasi ya intaneti

Kazi yangu ni kufunga mitandao ya ofisi na maduka hapa Dar, na malalamiko ninayoyasikia kuliko yote ni haya: "Fundi, nimelipia ishirini, mbona napata mbili?" Mteja kaona Mbps 20 (megabiti kwa sekunde) kwenye mkataba, halafu akipakua faili kompyuta inamwandikia 2.4 MB/s (megabaiti kwa sekunde). Anaona kapigwa. Mara nyingi hajapigwa: mkataba unahesabu biti, kompyuta inahesabu baiti, na baiti moja ni biti nane.

Hesabu hizo zamani nilikuwa nazifanyia kwenye tovuti ya kubadilisha vipimo ambayo sitaitaja. Matangazo yake yanakurukia kila upande, na kwenye orodha imeandikwa "mb" tu kwa herufi ndogo, ujijue mwenyewe kama ni biti au baiti. Nikahamia GNU Units, programu ya bure inayoendeshwa kwenye dirisha jeusi la amri. Haina picha wala vitufe, na haihitaji bando. Inakuuliza una nini, unajibu, inakuuliza unataka kipi, unajibu, inakupa namba.

20 megabit/s
megabyte/s

Jibu ni 2.5. Chini yake inakupa na 0.4, yaani namba ya kugawia badala ya kuzidishia. Hiyo ya pili mimi huiruka, na mtu anayeanza huenda ikamchanganya.

Kilichonifanya nibaki nayo ni kwamba haikubali uzembe. Ukiiambia una megabit/s halafu unataka megabyte bila hiyo "/s", inakataa na kukuambia vipimo hivyo haviendani. Kasi ni kitu kimoja na kiasi ni kingine, ingawa dukani vyote vinaitwa "MB". Ndiyo maana inaweza kukupa hata muda. Nina mteja wa studio ya picha za harusi ambaye kila wiki anapakia mafaili mazito, na swali lake huwa ni moja tu, itachukua muda gani. Ninaandika:

4 gigabyte / (20 megabit/s)
hms

Hiyo hms ni saa, dakika na sekunde. Inajibu dakika 26 na sekunde 40. Nikibadilisha gigabyte kuwa gibibyte, ambayo inahesabiwa kwa 1,024 badala ya 1,000, zinakuwa dakika 28 na sekunde 38 hivi. Tofauti ya dakika mbili kwa faili moja! Na Windows ikikwambia faili ni GB 4, hesabu yake ni hiyo ya 1,024 japo haisemi. Vikokotoo vingi vya simu nilivyojaribu vinachagua moja kimyakimya. Hapa unachagua mwenyewe.

Sasa ubaya wake. Herufi kubwa na ndogo kwake si mapambo. Mbit ni megabiti, lakini mbit ni millibiti, kipande kimoja cha biti iliyokatwa vipande elfu. Andika "20 mbit/s" na haitakukatalia, kwa sababu kwake hicho ni kipimo halali, itakurudishia 2.5e-09 na kukaa kimya. Mtu asiyejua mtindo huo wa kuandika namba ndogo atadhani programu imeharibika. Ushauri wangu ni kuandika neno zima, megabit, gigabyte, uepuke balaa. Maelezo yake nayo ni ya Kiingereza na ni marefu.

Kwa waliopita kwenye simu za ofisini na laini za kukodi, kuna raha nyingine. Unaweza kuongeza vipimo vyako mwenyewe kwenye faili ndogo, nami niliongeza laini ya E1, ile laini ya kidijitali yenye njia 32, megabiti 2.048 kwa sekunde, kwa jina la "ewani". Ukiandika 8000/s * 8 bit unapata kilobiti 64 kwa sekunde, ambayo ni sauti ya mtu mmoja kwenye simu: inapimwa mara 8,000 kila sekunde, kila kipimo biti nane. Zidisha kwa 32 umepata E1 yako. Wamarekani wana T1 yao ya njia 24, ukiongeza kilobiti 8 za kupanga fremu, yaani kuonyesha kila fungu la data linaanzia wapi, unafika megabiti 1.544.

Ila hapo ndipo kikokotoo chochote kinapofika ukingoni. Gawa STM-1, laini kubwa inayobeba E1 nyingi kwa pamoja, megabiti 155.52 kwa sekunde, kwa E1 na Units itakujibu 75.9375. Hesabu ni sahihi kabisa, lakini STM-1 inabeba E1 63 tu, kwa sababu nafasi iliyobaki inaliwa na mpangilio na usimamizi wa laini yenyewe. Hata yule mteja wa ishirini yuko hapohapo: pakiti ya kawaida ya baiti 1,500 inabeba baiti 1,460 za faili lake, nyingine ni anwani na maelezo ya safari, na Ethernet inaongeza baiti 38 zake juu. Zidisha 2.5 kwa 1460/1538 unapata 2.37, karibu kabisa na ile 2.4 aliyoiona. Units itakufanyia hesabu hiyo ukiipa namba, ila kujua kwamba inatakiwa ifanywe ni kazi yako.

Kama unachotaka ni kujua tu kifurushi chako cha nyumbani kinakupa nini, usijisumbue. Kile kikokotoo kilichomo ndani ya Google kinatosha, kimetenganisha megabit na megabyte, hata mebibit kinayo. Units ni kwa anayepiga hesabu hizi kila siku au anayeandika zabuni. Kwenye Ubuntu (aina ya Linux) hakuna mzunguko: sudo apt install units, kisha andika units na ubonyeze Enter.