Nilivyopanda Al Boraq, Tanger hadi Casablanca: maoni ya mtoto wa reli wa Lubumbashi

Sisi tuliolelewa Lubumbashi kwa mshahara wa reli tuna ugonjwa mmoja: tukifika stesheni hatuangalii viti, tunaangalia nyaya za umeme juu ya reli. Papa yangu alifanya kazi miaka mingi kwenye mashini za umeme, njia ya Likasi kwenda Tenke, iliyotandikiwa nyaya tangu miaka ya 1950, Likasi ikiitwa bado Jadotville. Basi mdogo wangu anayesoma Tanger, Moroko, aliponiambia niache basi, nipande Al Boraq, treni ya kasi ya huko, ili niwahi ndege Casablanca, bei sikuuliza. Niliuliza inakula volti ngapi. Alicheka mpaka simu ikakatika.

Jina ni la Buraki, yule mnyama wa safari ya usiku ya Mtume. Treni yenyewe ni TGV, treni ya kasi ya Ufaransa, ya ghorofa mbili, kazi ya kampuni ya Alstom: vichwa vimetoka Belfort, mabehewa La Rochelle. Kichwa mbele, kichwa nyuma, mabehewa manane katikati, abiria 533. Inabeba watu tangu Novemba 2018, na ndiyo ya kwanza Afrika kupita kilomita 300 kwa saa.

Mimi nilikuwa na begi la mtu anayerudi Kongo, mnajua ukubwa wake, na kiti changu kilikuwa ghorofa ya juu. Ukienda, omba cha chini. Tena nilikata tikiti kwa simu haraka haraka bila kuangalia mshale wa upande wa mwendo, nikajikuta nimekaa kinyumenyume, Tanger inanikimbia. Kosa langu. Kahawa nilikunywa, ni kahawa.

Mwendo sasa. Kutoka Tanger hadi Kenitra ni kilomita 186 za reli mpya, na humo inafika 320 kwa saa. Mwili hauhisi kitu. Macho ndiyo yanayopata tabu: kondoo walio karibu na uzio huwezi kuwahesabu, wa mbali wanatembea taratibu tu. Treni mbili zikipishana, dirisha linapigwa kofi moja, kwisha. Nilimpigia Papa.

"Papa, niko mu treni, tunaenda kilomita mia tatu na makumi mbili."

"Weye, acha bongo." Bongo kwetu ni uongo.

"Haiko bongo, Papa."

Akanyamaza kidogo. "Na ku njia ya zamani, itapita namna gani?"

Swali la mtu wa kazi. Maana reli mpya inaishia Kenitra. Kutoka pale hadi Casablanca, kupitia Rabat, Al Boraq inatumia reli ileile ya treni za kawaida. Reli mpya ina umeme wa volti 25,000, mkondo geu (AC). Ya zamani ina volti 3,000, mkondo mnyoofu (DC). Ndugu zake waliobaki Ufaransa wana 25,000 hizo hizo, lakini kwenye reli za zamani za kwao wanakuta 1,500. Kwa hiyo huyu wa Moroko ilibidi afundishwe kula chakula cha mwenyeji.

Nilijua mahali pa kuacha umeme mmoja na kushika mwingine pako karibu, nikawasha video. Kabla ya Kenitra mvumo wa feni ukakatika. Taa zikabaki zinawaka, treni ikateleza yenyewe bila kuvutwa na kitu, kimya hata nikasikia mtu wa nyuma yangu akimenya chungwa. Kisha feni zikarudi. Hakuna abiria aliyeinua kichwa.

Baada ya hapo mwendo ukashuka, 160 kwenda chini, na jirani yangu akaanza kulalamika kwamba tumekuwa basi. Mimi ndipo nilipoipenda. Hawakungoja reli mpya ifike Casablanca ndipo wanunue treni. Walinunua inayojua kutembea kwenye zote mbili. Safari iliyokuwa inachukua saa 4 na dakika 45 sasa ni saa 2 na dakika 10.

Rafiki zangu wa Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, wameshaniuliza kwa nini tusiletewe moja. Hapo upana kati ya vyuma viwili vya reli unakataa. Reli ya Moroko ni milimita 1,435 kama ya Ufaransa. Yetu ni 1,067, upana uliopanda kutoka kusini hadi Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910 na haujabadilika. Gurudumu la Al Boraq halina pa kukaa kwetu. Ingebidi uundiwe treni nyingine kabisa, au ung'oe reli yote.

Alama zangu ni tisa kwa kumi. Ile moja ni ya begi na ngazi.

Nilipofika nyumbani nilimwonyesha Papa video zote mbili. Ile ya 320 aliitazama mara moja, akauliza kama nimekula. Ile ya feni kunyamaza aliisogeza karibu na sikio, akafunga macho.

"Rudisha," akasema. "Rudisha tena."