Uzoefu wangu na Microsoft Update Catalog: draiva ya waifai iliyonitoa jasho siku tatu

Laptopu yangu ni mtumba wa Kariakoo, toleo la 2019, na kwa mwaka mzima na ushei haikuwahi kunisumbua. Baadaye ikaanza kuwa nzito. Nikifungua faili la mtihani wa kidato cha pili, naweza kwenda kunywa chai nikarudi halijafunguka. Nikaipeleka kwa fundi hapa Morogoro apige Windows upya. Elfu kumi na tano, jioni nikaichukua. Wepesi ulirudi kweli, ila waifai hakuna.

Nasema hakuna, maana yake haipo kabisa. Waifai iliyozimwa kwa kitufe huonekana, imelala tu, unaiwasha. Mimi nilipofungua Settings, sehemu ya Network, hata neno Wi-Fi halikuwepo. Ilikuwapo Ethernet (mtandao wa waya) na mambo mengine nisiyoyatumia.

Nikamrudia fundi. Hakuifungua wala kuigusa. "Mwalimu, kadi ya waifai imekufa hiyo. Chukua hiki kidude cha USB, elfu ishirini na tano, unachomeka unamaliza kazi." Nikajiuliza, kadi iliyokuwa nzima asubuhi nilipomkabidhi imekufaje jioni, imepata presha? Nikashukuru, nikaondoka na laptopu yangu.

Nyumbani nikajaribu njia ninayoijua, kuchomeka simu kwa waya ili laptopu itumie intaneti ya simu. Simu ikachaji vizuri, lakini ile sehemu ya kushea kwa USB ikabaki kijivu, haibonyezeki. Nikahitimisha kwamba fundi ameharibu na hiyo pia. Shikeni hapo kwenye waya, nitapadai mbele.

Siku iliyofuata nikaenda steshenari iliyo karibu na shule, nikakodi kompyuta kwa nusu saa. Nikaandika jina la laptopu yangu pamoja na maneno ya kuomba draiva ya waifai (programu ndogo inayoiwezesha Windows kuitumia kadi), kama kila mtu anavyofanya. Ukurasa wa kwanza uliokuja ulikuwa na vitufe vya kijani vitano vya kupakua, na hadi leo sijui cha kweli kilikuwa kipi. Nilichokipata kilikuwa programu ya kukagua kompyuta nzima. Nikaipeleka nyumbani kwa flashi, ikakagua, ikatangaza draiva kumi na saba mbovu kwenye mashine iliyopigwa Windows jana yake! Kisha ikaomba namba ya kadi ya benki. Nikaifuta, nikafuta na ndugu zake wawili waliokuwa wameingia nayo bila hodi.

Siku ya pili nikawa na adabu kidogo. Niliingia kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu yenyewe, na huko ndiko mahali sahihi pa kuanzia, sitaki kudanganya mtu. Tatizo langu lilikuwa jingine: kwa modeli yangu zilikuwepo draiva tatu za waifai, ya Intel, ya Realtek na ya MediaTek. Nikachagua Intel kwa sababu ndilo jina nililolizoea. Nikaisakinisha, ikaenda hadi mwisho, nikawasha upya, na mambo yakabaki palepale. Kosa langu hilo, si la draiva. Watengenezaji wa laptopu hununua kadi za waifai kwa zaidi ya mtu mmoja, kwa hiyo laptopu mbili za jina moja, rangi moja, mwaka mmoja, zinaweza kuwa na kadi tofauti ndani.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja anayefundisha hisabati shuleni kwetu, aliyewahi kukaa kitengo cha TEHAMA kabla hajahamia darasani. Nilimpa shikamoo yake, nikamweleza mkasa mzima, akacheka. "Kijana, wewe unatafuta mtu kwa jina la nyumba aliyopanga. Nyumba ina wapangaji wengi. Mgongee mpangaji mwenyewe, muulize jina."

Kumgongea kwenyewe kuko hivi. Unabonyeza kitufe cha kulia cha kipanya kwenye alama ya Start, unachagua Device Manager, yaani orodha ya vifaa vya kompyuta. Kwangu, chini ya Other devices, kulikuwa na kitu kinaitwa Network Controller chenye pembetatu ya njano. Ukikifungua kinakupa msimbo wa 28, maana yake draiva haijawekwa. Hapo ndipo nilipojua kwamba kadi haijafa. Kadi iliyokufa kabisa haijitokezi kwenye orodha hiyo. Hii yangu ilikuwa imesimama mlangoni inapunga mkono, ila Windows haijui lugha yake.

Ukienda kwenye kichupo cha Details, ukachagua Hardware Ids, unapata mstari unaotisha kidogo. Wangu ulianza hivi: PCI\VEN_10EC&DEV_C821. Herufi nne baada ya VEN ni ukoo wa mtengenezaji wa chipu. 10EC ni Realtek, 8086 ni Intel, 14E4 ni Broadcom, 168C ni Atheros ambayo sasa iko Qualcomm, 14C3 ni MediaTek. Nne zinazofuata baada ya DEV ni jina lake mwenyewe, na C821 ni RTL8821CE. Mbele zaidi kuna SUBSYS, ambayo herufi zake nne za mwisho humtaja aliyeagiza kadi iundwe kwa ajili yake: 103C ni HP, 17AA ni Lenovo, 1028 ni Dell. Yaani kadi inatembea na ukoo, jina na mwajiri, na mimi nimehangaika siku mbili naulizia majirani.

Sasa ndiyo naingia kwenye huduma yenyewe ninayotaka kuisifia. Microsoft Update Catalog ni ghala la masasisho na draiva ambazo Windows huzichota yenyewe ikiwa na intaneti. Tofauti ni kwamba hapa unaingia kwa mkono, unachukua unachotaka, unaondoka nacho kwa flashi. Anwani yake ni catalog.update.microsoft.com. Hakuna kujisajili, hakuna malipo, hakuna vitufe vya kijani. Zamani ilifunguka kwa Internet Explorer pekee; siku hizi kivinjari chochote cha kawaida kinaingia.

Nilirudi steshenari, dada wa pale akaniuliza, "Mwalimu, bado ile ile?" Nikamwambia leo namaliza. Nikanakili ule mstari mpaka mwisho wa DEV, nikaubandika kwenye kisanduku cha kutafutia. Mzee alinionya nisibandike wote kwa mara ya kwanza, maana ukiweka na SUBSYS unaweza kupata mistari miwili mitatu au usipate kitu. Ukipata ni bora zaidi, imekatwa kwa kipimo cha laptopu yako. Usipopata unarudi kwenye VEN na DEV tu.

Orodha iliyokuja ilikuwa ndefu na mistari yake inafanana kama sare za shule. Mtu asitegemee maelezo ya kumshika mkono hapa. Ghala hili lilikusudiwa wasimamizi wa mitandao ya maofisini, na unalihisi mara moja. Mimi nilitazama safu mbili tu: Products na tarehe. Safu ya Products inasema draiva ni ya Windows gani, na hapo ndipo nilipokaribia kuteleza mara ya tatu, maana nilitaka kuchukua ya juu kabisa, mpya kuliko zote. Mzee alikuwa ameniambia kwanza niandike winver kwenye laptopu yangu nione toleo. Nikaona 1607.

Toleo la 1607 ni Windows 10 ya mwaka 2016! Flashi ya fundi ilikuwa na Windows yenye umri mkubwa kuliko laptopu. Ndiyo maana kadi haikutambulika: ilitengenezwa baada ya mfumo ule, na mfumo haukuja na draiva yake. Kitendawili chote cha kadi kufa jioni kiliishia hapo. (Na hii habari ya mafundi kuendelea kupiga Windows 10 wakati usaidizi wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025 ina mjadala wake. Mashine zetu nyingi za mtumba hazikidhi masharti ya Windows 11, mtu afanyeje.)

Kwa hiyo nikapita mistari iliyoandikwa kwamba ni ya toleo la 1803 au 1809 na kuendelea, nikachukua iliyoandikwa Windows 10 Anniversary Update and Later, kwa kuwa Anniversary Update ndilo jina la 1607. Nikabonyeza Download, kikatokea kidirisha kidogo chenye kiungo cha bluu, nikakibonyeza. Lilishuka faili la aina ya cab lenye jina refu la namba na herufi zisizosomeka. Muda wangu wa kukodi ulikuwa bado haujaisha.

Faili la cab si la kubonyeza mara mbili likajisakinisha, na naamini wengi huishia hapa wakidhani wamepewa kitu kibovu. Ni furushi, lifunguliwe kwanza. Kwenye laptopu nilitengeneza folda C:\draiva, ndani yake nyingine niliyoiita realtek, nikaweka lile faili na kulibadilisha jina liwe waifai.cab. Kisha nikafungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, kama msimamizi nikaandika:

expand C:\draiva\waifai.cab -F:* C:\draiva\realtek

Mafaili yakamwagika, mojawapo la inf, ambalo ndilo Windows hulisoma. Nikarudi Device Manager, kitufe cha kulia kwenye Network Controller, nikachagua kusasisha draiva, kisha kutafuta ndani ya kompyuta yangu, nikaionyesha folda ya realtek na kuhakikisha alama ya Include subfolders ipo. Ilisaga kama nusu dakika. Pembetatu ikatoweka, jina likabadilika kuwa Realtek 8821CE Wireless LAN 802.11ac PCI-E NIC. Hakukuwa na onyo la kuuliza kama namwamini mtengenezaji, maana draiva za ghalani humo zina saini ya Microsoft. Sikuhitaji hata kuwasha upya. Chini kulia ikachomoza alama ya waifai, na mtandao wa shule ukiwa wa kwanza kwenye orodha, masafa ya 2.4 na yale ya 5.

Bluetooth ilibaki haifanyi kazi, na hili lilinishangaza kwa sababu kadi ni hiyohiyo moja. Kumbe ndani ya kadi moja waifai huongea na kompyuta kwa njia ya PCI, na Bluetooth kwa njia ya USB, kwa hiyo Windows huviona kama vifaa viwili na kila kimoja kina draiva yake. Namba ya Bluetooth ilianza na USB\VID_0BDA, ambayo ni Realtek pia kwa upande wa USB. Nikarudia safari ileile, dakika ishirini, kwisha.

Kama unakwenda kupiga Windows wiki hii, kabla hujamkabidhi fundi chomeka flashi, fungua Command Prompt kama msimamizi, tengeneza folda D:\draiva (kama flashi yako ni D), kisha andika:

dism /online /export-driver /destination:D:\draiva

Draiva zote za ziada zilizomo kwenye mashine yako zinanakiliwa kwenye flashi. Windows mpya ikishaingia unaionyesha Device Manager folda hiyo. Mimi ningelijua hili, hadithi hii isingekuwepo.

Je, ningeipendekeza Catalog kwa kila mtu? Kwa mtu mwenye namba ya kadi mkononi, naam, bila kusita. Unapata kitu halisi, kidogo, kisicho na wapambe. Kwa mtu anayejua jina la laptopu tu, atazama mle ndani. Aanzie tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, na hata huko aende akiwa na namba yake, ataijua ipi kati ya zile tatu ni yake. Kile kidude cha elfu ishirini na tano sikukinunua, ingawa sikidharau. Kadi iliyokufa kweli, hiyo ndiyo dawa yake ya haraka.

Nilisema nitapadai pale kwenye waya. Wiki mbili baadaye mwalimu mwenzangu akaja na shida ileile, laptopu imetoka kwa fundi, waifai hakuna. Nikataka kumwonyesha kwamba hata simu haikubali kushea. Akachomeka simu yake kwa waya wake mwenyewe, ikakubali papo hapo, laptopu ikaiona simu kama Ethernet, Windows ikachota draiva ya waifai yenyewe wakati sisi tunabishana. Dakika kumi. Waya niliokuwa natumia mimi siku zile ulikuwa wa kuchaji tu, hauna nyuzi za data ndani. Tulichosahau ni kuiwekea ile Ethernet alama ya metered, inayoiambia Windows kwamba bando linapimwa, kwa hiyo laptopu iliendelea kuteremsha masasisho mengine mpaka bando lake la GB 2 likakata, akaninunia hadi mapumziko ya saa nne. Nimenunua waya mwingine. Wa data nimeufunga uzi mwekundu.