Miezi kumi na moja ya kuimba "Saaa": darasa langu la khayal hapa Pune

Mi mtu wa Mombasa, niko Pune, India, kwa masomo, na nyumbani tulikuwa na kaseti za Juma Bhalo zile za mahadhi ya filamu za Kihindi, kwa hivyo nilipojiandikisha darasa la kuimba khayal, uimbaji wa jadi wa India ya kaskazini, nilijiambia nusu ya kazi nishaimaliza. Wapi! Wiki tano za mwanzo sikuimba wimbo hata mmoja. Ni Sa tu, noti ya kwanza ya ngazi ya Kihindi (Sa, Re, Ga, Ma hadi Ni). Mwalimu awasha tanpura ya umeme, kile kisanduku kinachonguruma mfululizo, wewe umekunja miguu kwenye mkeka waitoa Saaa mpaka sauti yako na nguruma ile zisiachane, na mimi kila nikiishika naitia madoido ya taarab mwishoni, kamtetemo kadogo tu jamani, na mwalimu anyanyua kidole: tena, bila mapambo. Nilikaribia kulia siku moja.

Ada ni rupia 3,000 kwa mwezi, masomo manane, nawekwa na watoto wa miaka minane tisa wanaonipita vizuri tu. Mmoja wao ndiye alonifundisha kuhesabu tala, yaani mzunguko wa mapigo, kwa vidole, nikimnunulia chokoleti.

Baada ya Sa tukaingia raga, yaani mpangilio wa noti wenye kanuni zake: kwanza Bhupali, ina noti tano tu, halafu Yaman ya jioni, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wananitesa. Manake Yaman si ngazi ya noti kama nilivyodhani, ina mwendo wake: wapenda kuanzia Ni ya chini, wairuka Sa waenda Re, kisha Ga watulia pale, na Ma yake imepandishwa kidogo, ukiiteremsha tu basi si Yaman tena, watoto wote wakugeukia. Sa yangu mimi ni kali char, yaani kitufe cheusi cha nne kwenye harmonia, na tabla, zile ngoma mbili za mkono, yafungwa kufuata hiyo hiyo.

Matamshi ndo nilishangaza watu. Maneno ya nyimbo ni Kibraj cha zamani, lugha ya kaskazini mwa India, yana zile p na t za kupuliza pumzi, wageni wengi zawashinda, lakini sisi Kimvita tuna paa la nyumba na p'aa wa porini, mdomo ushazoea. Mwalimu aliniuliza nimejifunza wapi nikamwambia kwa nyanya yangu. Dha, ile d ya kupuliza pumzi, ndo bado yanisumbua, hiyo nyanya hakunirithisha.

Sasa lawama. Mosi, maana ya maneno haelezi mpaka umkamate mlangoni, na wenzangu awaeleza kwa Kimarathi, lugha ya huku, mimi nabaki kutoa macho. Pili, nilipokwenda Mombasa likizo tukasoma kwa video, sauti yafika imechelewa, kuimba pamoja na tabla haiwezekani kabisa, ikabaki yeye aimba mimi narudia, na ada akatoza kamili. Hilo sijalisahau.

Disemba alituhimiza twende Sawai Gandharva, lile tamasha aloanzisha Bhimsen Joshi mwaka 1953 kumkumbuka mwalimu wake. Watu wamekaa chini masaa na masaa, mwimbaji aibembeleza noti moja dakika nzima na wazee wanatikisa vichwa, "wah, wah". Mkono wangu ukaenda kwenye pochi wenyewe, nataka kuinuka nikatunze! Rafiki yangu akanivuta gauni. Huku hawatunzi, watikisa kichwa tu na wewe utosheke.

Mwezi wa saba, Guru Purnima, sikukuu ya kuwaenzi walimu, wanafunzi wote twaimba mbele ya wazazi. Nilipewa dakika saba za Yaman kwenye tintal, tala ya mapigo 16. Alap, ule utangulizi wa polepole bila ngoma, ikaenda vizuri, nikashangaa mwenyewe, kisha tabla ikaingia na mimi kwenye zunguko la tatu nikapotea. Sijui niko pigo la ngapi, mikono yatoka jasho. Mpiga tabla akaniona. Kwenye sehemu inayoanzia pigo la tisa ule mkono wa ngoma nene hunyamaza, basi aliponyamaza akanikazia macho, mimi nikashtuka, nikahesabu nane kimoyomoyo, na alipofika mwanzo akaigonga Dha, lile pigo la kwanza la tabla, kwa nguvu kuliko kawaida na kichwa akakitingisha: hapo, ingia. Nikaingia. Mama mmoja mstari wa mbele akasema "wah", sijui kwangu ama kwa tabla.

Nawapa nyota nne. Ile moja naishika mpaka nirudishiwe pesa za likizo. Ukija, chukua darasa la saa kumi na mbili unusu asubuhi, la jioni bajaji zapiga honi dirishani mpaka Sa waitafuta huioni.