Printa ya Wino Unguja na Pemba: Ipi Inunuliwe Kwanza na Namna ya Kupunguza Gharama za Wino

Mnunuzi anayeingia dukani Darajani au Chake Chake kutafuta printa huanza kwa kuuliza bei ya mashine, na muuzaji humwonesha ile iliyo rahisi kuliko zote. Kosa huanzia hapo. Printa hulipiwa siku moja, ilhali wino wake hulipiwa kwa muda wote ambao mashine inafanya kazi, na mara nyingi printa iliyo rahisi dukani ndiyo ambayo wino wake ni ghali zaidi. Nimeshughulika na printa za skuli na za duka la stesheneri hapa Pemba kwa miaka kadhaa, na nimeona nyingi zikiwa nzima kabisa, zimefunikwa kitambaa juu ya kabati, kwa sababu mwenyewe ameshindwa na bei ya katriji, yaani kisanduku kidogo cha wino kinachobadilishwa kikiisha. Katika mwongozo huu nimezipanga printa kwa gharama ya kila ukurasa, nikizingatia hali yetu ya visiwani, ambako hewa ina unyevu, umeme hukatika bila taarifa na bidhaa nyingi hufika kwa kuvuka bahari.

Hesabu ya ukurasa mmoja

Kila katriji na kila chupa ya wino ina idadi ya kurasa iliyokadiriwa na mtengenezaji. Katriji nyeusi ya kawaida ya HP 123, na vilevile ya HP 305, hukadiriwa kurasa 120, na ile ya rangi kurasa 100. Canon PG-445 hukadiriwa kurasa 180. Upande wa printa za tangi, yaani zenye matangi ya wino yanayojazwa kwa chupa, chupa nyeusi ya Epson 103 yenye mililita 65 hukadiriwa kurasa 4,500, ya Canon GI-490 yenye mililita 135 kurasa 6,000, na ya HP GT53 yenye mililita 90 kurasa 4,000. Makadirio hayo ni ya kurasa za maandishi ya kawaida, ambamo wino hufunika sehemu ndogo tu ya karatasi, kiasi cha asilimia 5, kwa hiyo anayechapa nembo, vyeti au picha ategemee pungufu. Chupa za kwanza nazo hutoa kurasa chache kuliko zilizoandikwa, kwa kuwa sehemu ya wino hutumika kujaza mirija ya ndani ya mashine.

Mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 45 na mtihani wa kurasa 4 anahitaji kuchapa kurasa 180. Akitumia katriji ya kurasa 120, wino unamwishia akiwa amemaliza karatasi ya mwanafunzi wa thelathini, na watoto 15 waliobaki hawana mtihani. Kazi hiyo hiyo kwenye printa ya tangi haimshushii wino kwa kiasi cha kuonekana kwa macho.

Kabla ya kulipia printa yoyote, uliza kwanza bei ya wino wake, kisha igawe kwa idadi ya kurasa. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, katriji ya kurasa 120 umetajiwa Sh 48,000 na chupa ya kurasa 4,500 umetajiwa Sh 27,000. Ukurasa wa katriji utakugharimu Sh 400, na wa chupa Sh 6. Hata ukikadiria kwamba chupa itatoa nusu ya kurasa zilizoandikwa, ukurasa ni Sh 12. Bei halisi weka zako, za siku unayonunua na za mji ulipo.

Nafasi ya kwanza: printa ya tangi

Kwa skuli, madrasa, ofisi ya shehia, duka la stesheneri na nyumba yenye wanafunzi wawili au watatu, ninaiweka printa ya tangi mbele ya zote bila kusita. Bei yake ya kununulia ni kubwa kuliko ya printa ya katriji, lakini kwa anayechapa kurasa mia moja au zaidi kwa mwezi tofauti hiyo hurudi mapema.

Ndani ya kundi hili chaguo langu la kwanza ni Canon za G, kwa mfano G2420 isiyo na waifai na G3420 iliyo nayo. Sababu kubwa ni wino mweusi. Wino mweusi wa Canon hizi, kama ule wa HP Smart Tank, umetengenezwa kwa chembechembe za rangi zinazoganda juu ya karatasi, wakati wino mweusi wa Epson L3210 na L3250 ni rangi iliyoyeyushwa ambayo maji huirudisha. Jaribio lake ni jepesi na unaweza kulifanya dukani. Chapa ukurasa, uache ukauke dakika kumi, kisha pitisha kidole kilicholoa juu ya mstari mmoja. Maandishi ya wino wa chembechembe hubaki mahali pake, na ya wino ulioyeyushwa hufanya mkia wa kijivu unaofuata kidole. Barua inayobebwa mkononi kutoka Konde hadi Wete wakati wa masika, au fomu inayoshikwa na mikono ya jasho, inahitaji wino usiohama.

Sababu ya pili ni kwamba kichwa cha kuchapia, yaani sehemu inayorusha wino kwenye karatasi, cha Canon hizi na cha HP Smart Tank hutoka, na mtumiaji anaweza kukibadilisha mwenyewe. G2420 na G3420 zina pia kijisanduku cha kupokea wino taka ambacho hubadilishwa bila fundi. Kichwa cha Epson hakichemshi wino, na kwa hiyo hudumu muda mrefu kikitunzwa, lakini kimefungwa ndani ya mashine. Kikiziba kabisa, unarudi kwa fundi, na gharama yake huenda ikakufanya ufikirie printa nyingine.

Pamoja na hayo, ikiwa unaishi Mkoani na chupa pekee unazoziona madukani kwako ni za Epson, nunua Epson L3250 na uishi nayo kwa amani. Wino ulio umbali wa safari ya boti hauna faida asubuhi ya mtihani, na kigezo hiki ninakiweka juu ya ubora wa wino wenyewe. HP Smart Tank ninaiweka ya tatu kwa sababu hiyo hiyo: ni mashine nzuri, lakini thibitisha kwa macho kwamba chupa za GT53 (nyeusi) na GT52 (za rangi) zipo katika maduka yasiyopungua mawili ya mji wako.

Anayepiga picha za pasipoti na za harusi ana haja tofauti. Huyo aangalie Epson L8050 yenye rangi sita, kwa kuwa ngozi ya mtu katika picha hutoka laini zaidi kuliko kwa rangi nne.

Nafasi ya pili: leza nyeusi

Leza haitumii wino wa maji, lakini siwezi kuiacha, kwa sababu tona, yaani wino wake, ni unga na unga haukauki. Mtu anayechapa maandishi meusi pekee, tena kwa vipindi, anaweza kuifunga ofisi mwezi mzima wa Ramadhani na kuikuta inachapa vilevile. Ubaya wake ni umeme. Leza ikichapa huvuta mamia ya wati ili kupasha moto, ilhali printa ya wino huvuta kiasi cha wati 10 hadi 20, kwa hiyo anayetegemea inveta ndogo au sola asiifikirie.

Nafasi ya tatu: katriji kubwa

Printa ya katriji inamfaa anayechapa kurasa chache kwa wiki na asiye na mtaji wa tangi. Achukue ile inayokubali katriji kubwa, kama HP 123XL nyeusi yenye makadirio ya kurasa 480 au Canon PG-445XL yenye 400. Katriji hizi zina kichwa ndani yake, kwa hiyo kila katriji mpya huja na kichwa kipya. Vijana wa stesheneri huzijaza kwa sindano, na kazi hiyo inawezekana mara kadhaa kabla kichwa hakijaungua, mradi ijazwe kabla haijakauka kabisa.

Za kuziacha

Printa za HP ambazo jina la modeli linamalizikia kwa herufi ndogo "e" zimeunganishwa na huduma ya HP+. Ukishaikubali huduma hiyo, mashine hudai intaneti wakati wote na katriji halisi za kampuni peke yake, hivyo kujaza kwa sindano hakupo tena. Ziache pia printa kuukuu zinazoshushwa na kontena kutoka Japani, isipokuwa umesoma kibandiko cha nyuma. Umeme wa Japani ni volti 100 na wetu ni 230, na mashine iliyoandikwa volti 100 pekee huungua siku ya kwanza. Hata ikinusurika, wino wake huenda ukawa wa namba zisizouzwa huku.

Kuutunza wino

Wino mwingi wa watu wa visiwani haufiki kwenye karatasi. Humalizwa na usafishaji wa kichwa kilichokauka, na kichwa hukaushwa na namna tunavyozima mashine. Printa ikizimwa kwa kitufe chake, kichwa hujirudisha pembeni na kukaa juu ya kifuniko cha mpira kinachokizuia kisikauke. Ikizimwa kwa swichi ya ukutani, au umeme ukikatika katikati ya kazi, kichwa hubaki wazi pale kilipofika. Mara moja niliondoka skulini Ijumaa mchana umeme ukiwa umekatika, nikachomoa waya ili kuikinga mashine na umeme utakaporudi kwa nguvu. Jumatatu ukurasa wa majaribio ulitoka na rangi ya njano peke yake ikiwa nzima, mistari myeusi ikiwa imekatikakatika kama mshono ulioruka, na nilitumia karibu robo ya tangi kuirudisha katika hali yake. Tangu hapo, umeme ukirudi huiwasha printa, huiacha imalize kujipanga, kisha huizima kwa kitufe ndipo nikachomoa waya.

Kichwa kikiziba, safisha mara mbili au tatu tu, kisha iache mashine usiku kucha kabla ya kujaribu tena. Usafishaji wa mfululizo hunyonya wino wa rangi zote, hata ambazo hazijaziba, na kuujaza kwenye sponji ya wino taka. Sponji hiyo ikijaa kwenye Epson ndogo, mashine hugoma, na wako mafundi wanaofuta hesabu ya wino taka kwenye mashine kwa programu bila kubadilisha sponji. Usikubali, kwani wino huja kufurika chini ya meza. Chapa ukurasa mmoja wenye rangi zote kila wiki, hata kama huna kazi.

Kazi za kawaida zichapwe kwa kiwango cha rasimu na kwa nyeusi, pande mbili za karatasi. Rimu ikishafunguliwa irudishwe kwenye mfuko wa nailoni, kwa sababu karatasi iliyokunywa unyevu hutawanya wino na kukwama. Wino wa bei ya chini usio wa kampuni upo, na mwingine unafaa, lakini usichanganye wino wa chembechembe na ulioyeyushwa ndani ya tangi moja, na chupa yoyote ambayo kizibo chake cha ndani kimetobolewa irudishe papo hapo.

Siku ya kununua

Uliza dhamana inahudumiwa wapi. Ikiwa ni Dar es Salaam, ongeza nauli ya kwenda na kurudi katika bei ya printa. Anayenunua Unguja ili avuke kwenda Pemba asikubali kujaziwa wino dukani, kwa kuwa tangi lililojaa likilazwa melini huvuja hadi kwenye mbao za umeme. Aijaribu skana, aivushe ikiwa kavu ndani ya boksi lake na chupa zikiwa zimefungwa, kisha aijaze nyumbani juu ya meza iliyonyooka. Kwa asiyevuka bahari, mashine ijazwe mbele yake, atoe ukurasa wa majaribio, ahakikishe mistari ya rangi zote haijakatika, na risiti iandikwe namba ya mashine kabla hajatoka.