Zimamoto na polisi wa mji wetu mdogo: usiku jirani alipounguliwa na nyumba

Wiki ya pili hii nasema nitaandika. Jirani yetu aliunguliwa saa nane usiku na mimi ndo niliyepiga simu zimamoto, kwa hiyo huduma yao nimeiona tangu simu ya kwanza mpaka karatasi ya mwisho, na polisi pia.

Simu haikuita sana. Dada aliyepokea hakuhangaika na jina langu, aliuliza moto uko wapi, ndani kuna watu, kuna mtungi wa gesi, na gari lipite njia gani. Hapo kwenye njia nikababaika kabisa, maana mtaa wetu una njia tatu na moja ina nyaya za umeme zimelegea mpaka chini, gari kubwa halipiti, na mimi nilishataja jina la mtaa tu basi. Akasema mtume kijana na tochi akasimame barabara kubwa. Halafu akasema fungeni mlango wa chumba kinachoungua na asiufungue mtu tena, na jirani wakati huo alikuwa anataka kuufungua akatoe tivii! Mlango ukifungwa moto unakosa hewa na moshi unachelewa kujaa korido, na moshi ndo unaoua watu wengi kuliko moto wenyewe. Watoto walikuwa chumba cha mwisho, wakatoka wanatambaa, huko chini hewa ilikuwa bado ipo. Yule dada sijawahi kumuona ila namshukuru mpaka leo.

Gari likafika ndani ya dakika 11, ndo uzuri wa mji mdogo, foleni hakuna na dereva anajua mitaa. Walishuka watano. Wawili mitungi ya hewa mgongoni, mmoja akakimbilia kukata umeme kwenye mita, mmoja pampu, na mkuu wao akaanza kuizunguka nyumba. Anazunguka tu! Watu wakapandisha hasira, mwageni maji, mwageni maji, na mimi nilikuwa mmoja wao. Kesho yake nilimuuliza akanielewesha, ukirusha maji dirishani kabla hujajua nani yuko wapi unaweza kumuunguza kwa mvuke aliye ndani, kwa sababu maji yakichemka kuwa mvuke yanatanuka kama mara 1,700. Nilijisikia vibaya kwa maneno niliyomtupia.

Sasa suala la maji, maana hili ndo watu wanalotukania kila siku, eti zimamoto wamekuja bila maji. Gari lile lina tangi la lita 2,000. Mpira mmoja ukifunguliwa vizuri unatoa kama lita 400 kwa dakika, piga hesabu, dakika tano tangi limeisha. Lile tangi ni la kuanzia kazi tu, maji ya kumalizia yanatakiwa yatoke kwenye haidranti, yaani lile bomba la mtaani ambalo zimamoto wanaunganisha mipira yao. Na haidranti ipo, kwenye ramani yao ipo, mita 60 tu kutoka pale, ila mwenye duka aliifunika kwa vitofali alipotengeneza kibaraza na hakuna aliyemzuia. Walivunja kwa mtaimbo gizani huku chumba cha pili kinashika. Chumba kile hakikupotea kwa uzembe wa zimamoto, kilipotea chini ya kile kibaraza, na hili nalisema kwa uchungu.

Polisi walifika nyuma kidogo. Kosa lao la kwanza, gari lao waliliegesha katikati ya njia ikabidi mipira izungushwe, mpaka walipoambiwa ndo wakalitoa. Baada ya hapo kwa kweli walifanya kazi. Wakarudisha umati nyuma, wakatoa pikipiki zote njiani, na afande mmoja akampigia mwenye boza la maji akamuamsha usingizini, lile boza ndo lililoshikilia hali mpaka haidranti ikafunguka. Vitu vilivyotolewa nje vililindwa mpaka asubuhi, hata sufuria moja haikupotea.

Shida ikaja mezani. Jirani anahitaji ripoti ya polisi apeleke bima. Kituoni wanasema tunasubiri ya zimamoto inayoeleza chanzo, akienda zimamoto wanasema tulishaandika, tunasubiri polisi waje kuichukua. Ofisi zenyewe zinatazamana, yaani unavuka barabara tu! Mtu hana hata godoro unamzungusha mara nne. Na chanzo kilishajulikana asubuhi ileile, zimamoto walirudi bila kuitwa kukagua makaa kwenye dari, wakatuonyesha alama ya kuungua yenye umbo la V ukutani, ncha yake iko kwenye soketi iliyobebeshwa ekstensheni ya pasi na friji.

Kwangu zimamoto nyota tano. Polisi wa usiku ule nyota nne, polisi wa mezani nyota moja na hiyo ni ya yule binti wa kaunta aliyeamua mwenyewe kuvuka barabara akaichukua ile ripoti ya zimamoto, siku ya 13. Haidranti sisi wa mtaani tumeichimbua Jumamosi, tumeipaka rangi nyekundu, na mwenye duka alishika koleo pamoja na sisi.