Galaxy A15 kwa sisi wauza vitenge, nimeitumia miezi minane

Jamani wale wenye biashara ndogo mnaoniuliza simu ipi nawajibu hapa. Mimi nauza vitenge Kariakoo, oda nyingi zinaingia WhatsApp Business, malipo Lipa Namba, kwa hiyo simu ndo duka lenyewe. Ile ya zamani ilikuwa inazima saa tisa mchana mteja anasubiri bei, nimepoteza hela hapo, inauma. Nikachukua Samsung Galaxy A15, ya GB 128.

Betri ni mAh 5000, natoka nayo asubuhi imejaa nafunga duka saa moja usiku bado ina chaji, na data nawasha siku nzima. Kioo ni AMOLED inchi 6.5, kitenge chekundu kinaonekana chekundu kweli, hii kwangu ndo kubwa kuliko zote maana mteja wa Mbeya akipokea mzigo rangi tofauti na picha anarudisha na nauli ni juu yangu. Kamera ya MP 50 mchana iko poa sana, usiku chini ya taa za duka picha inakuwa na chenga, piga mchana tu.

Ila kabla hujalipa jua hili, memori kadi inakaa sehemu ya laini ya pili. Mimi laini zote mbili nazihitaji, moja ya wateja moja ya nyumbani, so kama una video nyingi za mzigo chukua ya GB 256 moja kwa moja.