TAHADHARI: Vipima 0–100 vya GPS vinavyouzwa kama "Hz 10" kumbe ni Hz 1

Ukikutana na tangazo la kifaa cha GPS cha kupima gari linavyochanganya, yaani sekunde ngapi kutoka 0 hadi km/h 100, "Hz 10, sawa kabisa na Dragy" (kipima cha GPS kinachojulikana), kwa robo ya bei ya Dragy, usitume hela kwanza. Hz 10 maana yake kinasoma kasi mara kumi kwa sekunde; Hz 1 ni mara moja tu.

Kinachouzwa kwa bei hiyo mara nyingi ni kiboksi chenye GPS inayosoma mara moja tu kwa sekunde, na programu inayojaza namba za katikati kwa kukisia. Skrini itakuonyesha sekunde 7.84, desimali mbili kabisa, wakati kasi halisi ilisomwa mara nane tu. Gari la sekunde 8 likikaribia 100 huongeza kama km/h 8 kila sekunde: linasomwa 95, halafu 103. Lilivuka 100 saa ngapi? Hapo programu inabahatisha. Mwanzoni ndiko kubaya zaidi, kwa sababu gari linaweza kuondoka popote ndani ya ile sekunde moja, na kosa la nusu sekunde linaingia bila wewe kujua. Vingine vina moduli (kipokezi cha GPS) ya u-blox NEO-6M, ambayo ni nzuri kwa kazi yake, lakini mwisho wake ni Hz 5. Anayeiuza kama Hz 10 anakudanganya waziwazi.

Dai kukijaribu kabla ya kulipa. Kiunganishe na simu kwa bluetooth, kisha zima Location ya simu. Kasi ikiganda au ikipotea, ujue kiboksi ni cha taa tu na inayosoma ni GPS ya simu yako, ambayo kwa kawaida nayo ni Hz 1. Ikiendelea, fungua programu yoyote ya bure ya terminali ya bluetooth, inayoonyesha data ghafi ya kifaa, utafute mistari inayoanza na $GPRMC au $GNRMC. Mistari hii hugawanywa kwa koma, na kipande cha kwanza baada ya jina hilo ni saa. Kwenye Hz 10 itakwenda 101512.00, 101512.10, 101512.20. Ukiona .00 tu kila mstari, umeshapata jibu.

Wajanja zaidi hurudia kipimo kimoja mara kumi huku saa ikisogea. Kwa hiyo tembea nacho, ukiongeza na kupunguza mwendo, na uangalie kipande cha saba baada ya jina (hesabu na vile vya herufi), ambacho ndicho kasi. Kasi ikikaa vilevile mistari kumi ndipo ibadilike, ni Hz 1 iliyovalishwa nguo. Angalia pia baudi, yaani kasi ya moduli kupitisha data. Moduli iliyoachwa kwenye 9600 hupitisha baiti 960 tu kwa sekunde, na seti kamili ya mistari ya NMEA (mfumo wa maandishi wa GPS, kama hiyo ya $GPRMC) hula baiti 400 hadi 500 kwa kila kipimo. Kumi haziwezi kupita hapo. (Vifaa vingine halisi havitoi mistari hii wazi. Kwa hivyo, pima kwa kulinganisha na kifaa unachokiamini, vyote ndani ya gari moja, safari moja.)

Vidude vya OBD vya ELM327 feki, vinavyochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi ya gari na kusoma kasi humo, navyo vinauzwa kwa kazi hii. Kasi ya OBD huja kwa namba nzima, bila desimali, na tairi zikizunguka bure wakati wa kuondoka vinahesabu mzunguko huo kama mwendo. Magari mengi ya zamani yaliyotoka Japani hayajibu kabisa.

Programu za simu zinazotumia kihisi cha mchapuko (accelerometer) badala ya GPS hukosea kwa kukupendelea. Gari likiondoka pua huinuka, na nyuzi 2 tu za mwinamo huongeza takriban 0.035 g (g ni mvutano wa dunia) ambazo si mwendo. Gari la sekunde 8 linasomeka 7.3.

Jambo la mwisho ni video za muuzaji, hasa wale wanaouza kifaa pamoja na "chipu ya kuongeza nguvu". Mteremko wa asilimia 1 unapunguza kama sekunde 0.2 kwenye gari la sekunde 8. Mpangilio wa "1 foot rollout", unaoanza kuhesabu gari likiwa limeshasogea sm 30, unapunguza 0.3 au zaidi. Ukivijumlisha, nusu sekunde imepatikana na chipu haijafanya chochote. Dai vipimo vya kwenda na kurudi kwenye barabara ileile, rollout ikiwa imezimwa katika vyote, mafuta na abiria walewale. Na ufanyie eneo lililofungwa, si barabara ya watu.

Ukishapigwa, piga picha tangazo lililosema "Hz 10" kabla halijafutwa, hifadhi ujumbe wa malipo na rekodi ya ile mistari ya $GPRMC, kisha upeleke malalamiko: Tanzania ni Tume ya Ushindani (FCC), Kenya ni ACA (mamlaka ya kupambana na bidhaa bandia) endapo kimebandikwa jina la kampuni nyingine.